Mukimo wa Laare Kwenye Viti vya Mbele

Benchi letu la Laare lina miguu minne, mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na liko kati ya kibanda changu cha kushona viatu na birika la kahawa la Mzee Hirsi. Mbele yetu ni mabanda ya kufungia miraa, kando yetu ni hoteli ya Cicily, ile ya mabati ya bluu, na nyuma yetu hakuna kitu cha kutajwa. Nayasema haya mapema kwa sababu siku hizi watu wa Maua, na hata wa Meru mjini, wanadai kwamba ile habari ya mukimo wa ndege ilitatuliwa kwao. Uongo mtupu. Ilitatuliwa hapa, siku ya Jumamosi, saa nne na kitu asubuhi, na mimi nilikuwepo nikiwa na kiatu cha mtu mkononi.

Nikujulishe wenye benchi. Mkubwa wetu ni Thuranira, mkaguzi wa miraa katika banda la pili. Kazi yake ni kuchukua kibunda, kukigeuza mara mbili na kusema kama kinapita au hakipiti, na kwa miaka yote niliyomjua sijamsikia akisema kitu kimepita. Kikiwa kizuri anakiweka kando kimya kimya. Kikiwa kibaya ndipo unasikia sauti yake. Kwa hiyo sote tunamwita Haipiti. Wa pili ni Murungi, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye hawezi kueleza jambo bila kuchora chini na kijiti, naye tunamwita Ramani. Kiunga ana bodaboda na jina lake ni Spidi. Mzee Hirsi alizaliwa Maua, baba yake alikuja na malori zamani, na kahawa yake ya tangawizi ndiyo inayotuweka hapo. Mimi naitwa Soli, na sihitaji kueleza kwa nini.

Sasa Cicily. Mwaka huu meneja mmoja wa kampuni ya Mwewe Air alipita Laare akitoka harusini, akaingia kwa Cicily na njaa zake, akala mukimo wa ndizi na maharagwe na majani ya malenge, vyote vimepondwa pamoja, akaomba mwingine. Mwewe ni kampuni ndogo, ndege zake hazitoki nchini, zinaruka Kisumu, Eldoret na Mombasa na kurudi Nairobi. Lakini mbele kabisa, nyuma ya pazia, zina viti vinane vya wakubwa, na wakubwa hao wanapewa chakula cha moto kwa sahani. Meneja alikuwa anatafuta chakula cha nyumbani cha kuwapa. Cicily akaitwa Nairobi siku mbili kuwafundisha wapishi, na akarudi na kadi ndogo nyeupe, ile inayowekwa kando ya sahani ya kila abiria wa mbele. Imeandikwa: Mukimo wa Cicily, Laare. Aliifunika kwa nailoni akaipigilia msumari juu ya jiko. Wateja wote tuliisoma, hata ambao hawajui kusoma.

Ilikaa pale wiki tatu. Halafu bwana mmoja wa Nairobi, ambaye kazi yake ni kula kwenye ndege na kuandika mtandaoni vile ameona, akaandika juu ya viti vya mbele vya Mwewe. Mukimo wa Cicily aliupa alama mbili kwa kumi. Alisema unaweza kuzibia ufa wa nyumba. Spidi ndiye aliyeyasoma maneno hayo kwa sauti, hapo benchini, kabla akili yake haijafika mahali mdomo ulipofika, na Cicily alikuwa amesimama nyuma yake na sinia. Kufika jioni soko zima lilikuwa linamwita Mama Simiti. Alitoa kadi ukutani, na siku iliyofuata hakupika mukimo, alipika wali. Iliniuma sana, kwa sababu huyu mwanamke alinilisha mwaka mzima nilipokuwa nimevunjika mkono na sishoni kitu.

Kampuni nayo ikamwandikia. Walisema kwa adabu kwamba wanafikiria kuutoa mukimo wake, ila wangependa kumtendea haki. Walimtumia tikiti moja ya viti vya mbele, kwenda Kisumu na kurudi siku hiyo hiyo, na fomu ya kujaza baada ya kula. Fomu irudi Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Isiporudi, au ikirudi na habari mbaya, kadi yenye jina lake itatoka kwenye ndege. Sote tulidhani Cicily mwenyewe ndiye atakwenda. Akakataa, akamwekea Haipiti tikiti mkononi.

— Mimi mukimo yangu naijua, alituambia. Na nyinyi wengine mtasema ni tamu kwa sababu mnanionea huruma. Huyu hana huruma. Aende yeye.

Haipiti akaenda. Ijumaa asubuhi akaruka, Ijumaa hiyo hiyo akarudi, na Jumamosi saa tatu na nusu tukamwona anavuka barabara na koti lake la kanisani, fomu mkono mmoja, na mkono mwingine kifurushi cha jani la ndizi kilichofungwa kwa uzi wa mgomba. Benchi lilikuwa limejaa. Mbali na sisi wenyewe kulikuwa na mgeni, mama mmoja anaitwa Angeline, wa Karurumo kule upande wa Embu. Alikuja kumtembelea dada yake aliyeolewa huku, kiatu chake kikakatika mkanda hapo sokoni, na sasa alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mguu mmoja umevaa na mwingine umekanyaga gazeti, akingoja nimalize. Hotelini Cicily alikuwa anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu saa mbili. Hakugeuka kututazama.

Mwalimu Ramani alitoa kalamu mfukoni, akanyoosha mkono apokee fomu. Ilikuwa tupu.

— Kwani hukuandika kitu?

— Sijaandika.

— Na ulikula?

— Nilionja vijiko tatu. Lakini mimi siwezi kataa kitu peke yangu, mwalimu. Unajua vile tunafanya. Lazima mtu wa pili aone.

Ni kweli. Kule bandani kibunda hakitupwi mpaka mtu wa pili akigeuze naye akubali, ili mwenye shamba asije kusema ameonewa. Haipiti alipoonja kule angani na kuona mambo ni mabaya, alitafuta mtu wa pili. Jirani yake wa kiti alikuwa bwana mnene aliyelala mdomo wazi tangu Nairobi. Mhudumu wa ndege alikataa, akasema yeye haruhusiwi kula chakula cha abiria. Sasa Haipiti afanye nini? Mfukoni alikuwa na kibunda cha miraa cha mteja wake wa Kisumu, mtu anaitwa Okumu, zawadi tu. Akafungua jani la ndizi lililofunga ile miraa, akaweka mukimo kwenye jani hilo, akafunga vizuri. Miraa ya Okumu akaifunga na ile karatasi ya foili iliyokuwa imefunika sahani. Mhudumu alimwangalia sana, Haipiti alituambia, kisha akaendelea na sinia zake.

Kwa hiyo mtu wetu alitumwa kula kwenye viti vya wakubwa, akarudi na chakula. Spidi alishika kichwa. Mimi nilielewa. Ukitumwa na watu, unarudi na cha watu.

Tulimwambia afungue tuone. Alikataa, akasema kesi kwanza, ushahidi baadaye, na akaanza na vile vitu vingine vya kwenye sinia. Mkate ulikuwa mmoja, mviringo, wa baridi. Haupiti. Siagi ilikuwa ngumu hata kisu kiliteleza. Haipiti. Saladi ilikuwa majani matatu, na moja lilikuwa na doa karibu na kikonyo, na majani yeye anayajua. Hayapiti. Keki ilikuwa na limau ambalo hakuna mtu aliliomba. Haipiti. Kuhusu kahawa, alimtazama Mzee Hirsi kwa muda, akasema hataki kuizungumzia mbele ya wageni. Mzee Hirsi akamwongezea kikombe bila kuulizwa. Kurudi walimpa mayai na mkate, lakini hiyo haikuwa kazi yetu.

Simu yake ikalia. Akaitazama, akaikata. Alisema ni Okumu wa Kisumu, analalamika tangu jana ati miraa imekauka, na yeye hana muda wa mtu anayelalamikia zawadi.

— Sasa sema mukimo, nikamwambia.

Haipiti alishusha sauti, lakini ile sufuria ilinyamaza.

— Ilikuwa imekauka juu. Imekauka chini. Katikati pia nilitafuta, nikapata imekauka. Yule bwana wa mtandao hakusema uongo.

Hakuna aliyetaka kuangalia upande wa hoteli. Mwalimu aliandika jina la Thuranira kwenye fomu na tarehe, polepole sana, ili asifike kwenye maswali. Na kwa sababu hakuna mtu aliyeweza kukubali kwamba mukimo wa Cicily ni mbaya, tulianza kutafuta wa kulaumiwa. Mwalimu alitangulia. Alichora chini mlima, akachora ndege juu ya mlima.

— Shida ni mwinuko. Ukipanda juu, hewa inakauka, ulimi nao unakauka. Si chakula imekauka, ni ulimi ya Thuranira.

— Lakini mwalimu, huku Laare si tuko juu tayari? Hirsi aliuliza.

— Ndiyo maana yeye alivumilia vijiko tatu. Mtu wa Kisumu angemaliza kwa kimoja.

Spidi alisema hapana, hiyo ni jiografia ya zamani. Kwa maoni yake shida ni mwendo.

— Cheki, buda. Hii mukimo imepikwa ikiwa imesimama. Halafu unaiburuta na ndege inaenda kilomita mia nane kwa saa. Ladha haiwezi shika hiyo spidi. Mukimo inafika Kisumu, ladha imebaki Naivasha.

— Na nyama yao, inafikaje na ladha? nikamwuliza.

— Nyama ni ya mnyama. Mnyama amezoea kukimbia.

Mzee Hirsi alipanguza vikombe vyake viwili akasema kwamba sisi ni watoto. Alisema lawama yote ni ya pazia.

— Watu nane wanafungiwa pazia wakule. Watu sitini wako nyuma wananusa na hawaoni. Nyinyi mnafikiri chakula itabaki na maji? Hiyo macho ya nyuma ya pazia inanyonya yote. Mimi baba yangu alisafiri jangwani na malori, na hakuna siku alikula akiwa amejificha.

Hapo na mimi nikaona wakati wangu umefika, kwa sababu ninaona mambo mengi kutoka mahali ninapokaa. Niliwaambia kwamba mtu akipanda ndege miguu inavimba, jambo hili linajulikana, na wakubwa wanavaa viatu vya kubana. Kiatu kikibana, damu inarudi juu. Damu ikirudi juu, inajaa kichwani. Kichwa kikijaa damu, ulimi hauna nafasi. Nikamwuliza Haipiti alikuwa amevaa kiatu gani. Alikuwa amevaa kile cheusi cha harusi yake.

— Kile nilikuambia ukiuze, nikasema.

Ilikuwa hoja nzuri, na bado naiamini. Lakini Mama Angeline alicheka mpaka gazeti likateleza chini ya mguu wake, na Mwalimu akasema saa inaenda, ni karibu saa nne na nusu, tufungue ushahidi.

Haipiti akafungua. Alifungua vile anavyofungua miraa, uzi kwanza, halafu jani pande mbili kwa pamoja. Mwalimu alinusa kwa sababu ya umri wa chakula, akasema ni salama, usiku wa milima yetu ya Nyambene ni baridi kuliko friji. Akachukua kidogo kwa kidole, mimi nikachukua, Hirsi akachukua, Spidi akachukua mara mbili.

Mukimo ulikuwa laini. Ulikuwa laini na una maji yake, malenge yanasikika, ndizi inasikika. Ulikuwa ule ule tunaokula kila Jumanne. Tulitazamana, halafu wote wanne tukamgeukia Haipiti.

Sitaki kurudia yote aliyoambiwa mzee wa watu. Spidi alisema ametumwa na ametusaliti. Hirsi alimwuliza kama amelipwa na yule bwana wa mtandao. Mimi nilimwambia ulimi wake umezoea kukataa mpaka umesahau kuonja. Yeye alionja tena, akaonja mara ya tatu.

— Jana ilikuwa imekauka, alisema. Mimi sidanganyi. Jana ilikuwa imekauka kabisa.

Mama Angeline akakohoa kidogo.

— Samahani, wazee. Mimi ni mgeni, niulize tu. Hiyo jani ni ya nini?

— Ni ya ndizi, mama, Spidi akamjibu.

— Naona ni ya ndizi. Lakini sisi kwetu muguka, hiyo miraa yetu fupi, tunaweka kwa gunia, basi. Nyinyi miraa mnafungia kwa jani kwa nini?

Tulimjibu wote kwa pamoja, kwa sababu hilo ni swali la mtoto wa chekechea hapa Laare. Jani linashika maji. Jani linapumua, na likiwa bichi linarudishia maji hata kilichoanza kukauka. Miraa ikifungwa na jani inafika mbali ikiwa vile ilivyokatwa, ikifungwa na kitu kingine inakauka kabla gari halijafika Meru mjini. Haipiti mwenyewe ndiye aliyeeleza kwa urefu, mpaka namna ya kuchagua jani. Mama Angeline alisikiliza, akatikisa kichwa kwa heshima.

— Nimeelewa. Na kwa ndege, hii mukimo ilikuwa imefungwa na nini?

Mwalimu aliangalia mlima wake pale chini. Haipiti alikuwa ameshika lile jani kwa mikono miwili, na jibu alikuwa nalo, ila halikutoka. Watu wazima watano, na wote tumekulia kwenye kazi ya kufungia vitu kwa majani, tulikaa pale kimya mbele ya mama mwenye kiatu kimoja. Halafu simu ikalia tena, na Spidi, ambaye hana adabu, akaibonyeza na kuiweka kwa sauti kubwa.

— Thuranira, sauti ya Okumu ikasema. Mimi sijakataa zawadi yako. Nauliza tu, hii miraa ulinifungia na foili ya nini? Imekauka yote.

Sikusikia nani alicheka kwanza. Mzee Hirsi alimwaga kahawa. Mwalimu alirusha kijiti chake, akampa Mama Angeline mkono kama anamkabidhi zawadi ya darasa. Na Cicily alikuwa tayari amefika, mikono imelowa, hata sikumwona akitembea. Alichukua mukimo kidogo kutoka kwenye jani, akaweka mdomoni, akafumba macho.

— Hii ni yangu, akasema. Leteni fomu.

Maswali ya mkate na siagi aliyaruka yote. Alifika mahali pameandikwa ungependa tubadilishe nini, akamwambia Mwalimu aandike vile anasema, asiongeze Kiswahili chake. Wapishi hawana kosa. Mukimo ni ule ule. Mnaupika vizuri, halafu mnaufunga na foili, halafu mnaupasha moto tena ukiwa ndani ya foili, unakauka. Toeni foili. Chukueni jani la ndizi bichi, mlipitishe motoni lilegee, mfunge fundo moja, mpashe hivyo hivyo. Mwalimu aliandika kwa ile hati yake ya ubaoni, Spidi akapiga picha akaituma, na ilipofika saa tano kasorobo kazi ilikuwa imekwisha.

Meneja alipiga simu kabla ya saa sita. Alikuwa na maneno mengi. Alisema majani ni shida, yatapatikana wapi, nani atafunga, na wakubwa watafikiri nini wakiona jani kwenye sahani. Cicily alimsikiliza mpaka mwisho, amesimama wima pale kati ya benchi na hoteli, na soko likamsikia akimjibu.

— Mimi sikuombi, bwana. Nakuambia vile inafungwa. Majani nitaleta mimi, na mtu wa kufundisha fundo nitaleta mimi. Jaribu wiki moja. Ikishindwa, toa jina yangu.

Meneja akakubali wiki moja. Ile furaha ya siku hiyo siwezi kuipima. Mimi nilisahau kiatu cha Mama Angeline kabisa, na ikabidi arudi kwa dada yake na ndara zangu.

Jumatatu Haipiti alikagua majani. Alikataa mengi sana, mpaka wenye migomba wakaanza kumfichia majani yao. Yaliyobaki yalipakiwa juu ya gari la miraa, na kila mtu anajua magari yale hayachelewi Nairobi, na yeye mwenyewe akapanda mbele kwenda kuwafundisha wapishi fundo. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, mukimo ukaruka ukiwa umevaa jani. Kampuni ikamtumia Cicily tikiti yake mwenyewe, ya kuruka Ijumaa, na safari hii hakukataa. Alivaa lile gauni la kijani la harusi ya Mwendwa, mtoto wake wa kwanza.

Na yule bwana wa mtandao? Alikuwa amerudi kula, siku ya Alhamisi. Jumamosi asubuhi Spidi alisoma tena kwa sauti, lakini safari hii alijisomea moyoni kwanza, nilimwona. Alama tisa kwa kumi. Aliandika kwamba alipofungua lile jani harufu ilitoka, ikapita pazia, ikafika safu ya kumi na mbili, na mama mmoja wa nyuma akafungua pazia kuuliza ni nini hicho wanakula. Mhudumu akashindwa kulifunga tena, kwa sababu watu walikuwa wengi. Mzee Hirsi alisimama, akatuangalia mmoja mmoja.

— Niliwaambia ni pazia, alisema.

Mwalimu alisema pia ni mwinuko, Spidi alisema pia ni mwendo, mimi sikusema kuhusu viatu, nilijua tu. Mama Angeline alikuwepo, amekuja kuchukua kiatu chake, ambacho kusema ukweli nilikuwa bado sijakimaliza, naye akasema hakuja kugombana na mtu, anataka mkanda tu. Watu wa soko walisimama kotekote, na sikusikia mtu hata mmoja akisema Simiti.

Ndipo Cicily akafika. Alishuka kwenye gari la Maua na gauni lake la kijani, akapita katikati ya watu, hakusalimu, akaenda moja kwa moja mbele ya Haipiti. Mkononi alikuwa na kifurushi cha jani. Alikuwa amepewa kwenye ndege, kiti cha kwanza kabisa dirishani, na hakukifungua.

— Mimi naijua, akamwambia. Kula wewe.

Haipiti alikipokea. Alikigeuza mara moja, akakigeuza mara ya pili.

— Fundo haipiti, akasema.

Cicily aliweka mikono kiunoni.

— Jani ni ya juzi. Haipiti.

Akafungua. Akala kidogo, akatafuna, akangoja. Akala tena. Spidi alinyoosha kidole, akapigwa mkono. Tulidhani ataonja vijiko vitatu kama kawaida yake na kutupatia sisi wa pili tuone, lakini aliendelea, hakuinua kichwa, mpaka akafika kwenye jani lenyewe na kulikwangua kwa kidole gumba. Hakuna aliyepata hata punje moja ya maharagwe. Hajawahi kufanya hivyo maishani mwake.

— Baba Gatwiri, Cicily akamwambia, akimwita kwa jina la binti yake, na sauti yake ilikuwa ndogo. Miaka ishirini na mbili unakula kwangu. Sema.

Haipiti alikunja jani mara mbili, akaliweka mfuko wa ndani wa koti. Akapanguza mdomo.

— Imepita, alisema.

Cicily, ambaye hakulia siku ile ya simiti, wala siku alipotoa kadi ukutani, alikaa kwenye benchi letu upande wa mguu wa tofali akalia mbele ya watu wote, na kabla hajamaliza kulia alikuwa anacheka. Mzee Hirsi aliinamisha birika amwekee kikombe, likatoa matone mawili. Hakuna aliyeomba lingine lichemshwe. Alipopanguza macho aliinuka, akaingia hotelini, akatoka na ile kadi yake katika nailoni, ameshika msumari kwa midomo, na akaninyooshea mkono.

Nikampa nyundo yangu.